Ugomvi wa Ndoo

Ugomvi wetu mkubwa wa mwaka huu haukuletwa na simu wala pesa. Uliletwa na ndoo.

Tumepanga nyumba hapa Kamachumu, ua wote saruji, kwa hiyo maua yangu yanaishi kwenye vyungu. Yalipoanza kuwa ya njano nikayamwagia mbolea ya chumvichumvi kwa kukadiria. Siku chache tu, yakaungua. Mama mkwe akayatazama, akacheka, akanipeleka kibanjani kwake.

"Mwanangu, unadhani udongo huu ulizaliwa mweusi?"

Kumbe Wahaya waliutengeneza, kizazi hadi kizazi: samadi ya ng'ombe, nyasi zilizokatwa rweya, majani ya migomba, maganda ya jikoni. Siku hizi ng'ombe wamepungua, na migomba inaonyesha. Akageuza kigogo cha mgomba kilichooza. Chini yake, minyoo wembamba, wekundu.

"Hao ndio ng'ombe wako."

Basi nikatoboa ndoo ya lita 20, chini na kwenye mfuniko, nikaiweka juu ya beseni. Ndani nikatandika magazeti yaliyochanwa na kuloweshwa, konzi ya udongo, na minyoo wangu. (Gazeti hili usiwape, karatasi ya kung'aa haiwafai.) Nikawajazia maganda ya ndizi kila siku. Wiki ya pili, jamani, harufu! Mume wangu akauliza, "Mke wangu, hii ni nyumba au banda?" Nikanuna siku mbili.

Ukweli, kosa lilikuwa langu. Minyoo wakizidishiwa chakula, kinabaki na kuoza. Kinachonuka ni chakula, sio wao. Nikasimamisha maganda wiki nzima, nikaongeza karatasi kavu, ndoo nikaihamishia kivulini nje ya mlango wa jikoni. Sasa nakatakata maganda madogo madogo na kuyafukia kidogo kidogo, pamoja na makapi ya kahawa na maganda ya mayai yaliyopondwa. Nyama, dagaa, mafuta, chumvi na malimau, marufuku.

Baada ya miezi mitatu hivi nikapata mboji nyeusi, inanukia kama ardhi iliyonyeshewa. Changanya kopo moja na makopo manne ya udongo. Kwa ua lililokwisha kupandwa, konzi mbili juu, kisha mwagilia.

Mume wangu bado hafunui mfuniko. Ila asubuhi, akishaondoka kazini, nakuta makapi ya kahawa yake juu ya ndoo, kwenye kisosi.