Bikari ya Dhahabu: Chanda Chema na Pete Yake

Chanda chema huvikwa pete, walinena wahenga. Swali ambalo aghalabu hupuuzwa ni hili: anayeivisha pete hiyo ni nani, naye ameupimaje wema wa chanda? Historia ya Compasso d'Oro, tuzo yenye hadhi kubwa katika usanifu wa bidhaa za viwandani, inatoa jibu linalomfaa hata mhakiki wa fasihi.

Tuzo hii ilianzishwa mjini Milano, Italia, mwaka wa 1954 na duka kubwa la La Rinascente, kutokana na wazo la wasanifu Gio Ponti na Alberto Rosselli. Mfasiri asikimbilie kuiita "dira". Compasso hii ni bikari, chombo cha kupimia na kuchorea duara. Jina lenyewe, basi, linadai kipimo.

Je, kilichopimwa ni nini? Mwaka huo wa 1954 ilituzwa Lettera 22, taipureta ndogo ya Olivetti iliyobuniwa na Marcello Nizzoli. Mwaka wa 1955 ilituzwa ndoo ya plastiki yenye kifuniko, kazi ya Gino Colombini kwa kampuni ya Kartell. Mwaka wa 1959 ikawa zamu ya Fiat 500, gari dogo la Dante Giacosa.

Wapo watakaouliza: ndoo na tuzo, wapi na wapi? Hapo ndipo ulipo umuhimu wa tuzo hii. Mwanafunzi wa fasihi hufunzwa kuwa fani na maudhui havitenganiki. Ndoo nayo ni vivyo hivyo: mpini ukimkata mchotaji viganja, rangi yake nzuri ni bure. Kifaa kinachoshikwa kila siku na mikono ya watu wa kawaida kinastahili uhakiki makini sawa na ule wa riwaya.

Hata hivyo, mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Muuza bidhaa akiwa ndiye mtuza bidhaa, nani atamwamini? Kwa hakika, hatua iliyoipa tuzo uzito ni ile ya kutoka dukani. Tangu mwaka wa 1964 imekuwa mikononi mwa ADI pekee, chama cha usanifu wa viwandani kilichoundwa mwaka wa 1956. Kweli, chama hicho kina wenye viwanda miongoni mwa wanachama wake, hivyo jicho la mhakiki lisifumbwe. Lakini hukumu inayojadiliwa na wanataaluma haiwi sawa na tangazo la biashara. Isitoshe, washindi wamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la ADI, lililofunguliwa Milano mwaka wa 2021, ambako kila mtazamaji anaweza kuihukumu hukumu yenyewe.

Hili ndilo funzo kwa kila atoaye tuzo, iwe ya ndoo au ya diwani: dhahabu ya pete huwavutia wengi, lakini heshima yake hutokana na uadilifu wa bikari.