Sindano za Kichina na Viuno vya Wachuma Chai: Barua kwa Wana Msasani

Kwa wazee, akina mama na vijana wa Msasani, Tukuyu, kutoka kwa ndugu yao aliyeko Ujerumani: barua hii inahusu tiba ya jadi ya Kichina, ambayo mara nyingi hutangazwa kwa ahadi nyingi kuliko maelezo.

Tiba hiyo si ngeni Tanzania. Madaktari wa China walianza kutumwa Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, na kuanzia 1987 wataalamu wa China na Tanzania walishirikiana katika hospitali ya Muhimbili kuwajaribia wagonjwa wa UKIMWI mitishamba ya Kichina, ingawa dawa zilizokuja kuokoa maisha ya wagonjwa hao ni ARV.

Sehemu ya tiba hiyo inayojulikana zaidi ni akupancha, yaani kuchoma sindano nyembamba zisizo na dawa katika sehemu maalumu za mwili. Wachina wa kale walifundisha kwamba nguvu ya uhai, iitwayo chi, hupita mwilini katika mikondo, na kwamba sindano huifungulia njia pale ilipoziba. Wapasuaji hawajaiona mikondo hiyo, lakini hilo halijibu swali la mchuma chai anayerudi jioni na kiuno kinachouma, ambaye anachotaka kujua ni kama atapata nafuu. Swali hilo lilipimwa Ujerumani kwa wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007: baada ya miezi 6, waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6 ya waliochomwa kwa kanuni za Kichina, asilimia 44.2 ya waliochomwa juujuu mahali pasipo maalumu, na asilimia 27.4 tu ya waliotibiwa kwa dawa na mazoezi ya kawaida. Kwa maneno mengine, sindano zilisaidia, ila mahali zilipochomwa palikuwa na uzito mdogo, jambo ambalo watetezi wa mikondo hawapendi kulitaja. Bima za afya za umma za Ujerumani hulipia tiba hiyo kwa maumivu sugu ya kiuno na ya goti, si kwa kila maradhi.

Kwa upande wa mitishamba, zawadi kubwa ya China imekwisha kufika hata wilayani Rungwe, iliko Tukuyu, kwani dawa mseto ya malaria itolewayo katika zahanati ina kiini kilichotokana na mmea uitwao artemisia. Mtafiti Tu Youyou, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alisoma katika kitabu cha tabibu Ge Hong, cha karne ya 4, kwamba majani ya mmea huo hulowekwa katika maji na kukamuliwa, bila kuchemshwa, akatambua kuwa moto ndio uliokuwa ukiharibu dawa, na mwaka 1972 kiini hicho kikapatikana. Mmea huo uliaminiwa kwa sababu ulipimwa, wala si kwa sababu ya ukale wake. Na Shirika la Afya Duniani halishauri chai ya artemisia kutumika badala ya vidonge.

Mitishamba isiyopimwa huweza kuua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wa Brussels, Ubelgiji, waliomeza dawa ya kupunguza unene yenye mitishamba ya Kichina waliharibika figo, kwa kuwa mmea mmoja ulibadilishwa na mwingine wenye sumu.

Kwa hiyo wana Msasani wanaombwa wasiache vidonge vya shinikizo la damu, kisukari au ARV kwa ahadi ya sindano au unga wowote. Anayetaka akupancha kwa ajili ya kiuno aonane kwanza na daktari katika hospitali ya Makandana au Igogwe. Ahakikishe kuwa sindano imefunguliwa mbele yake kutoka pakiti mpya, kwa kuwa iliyotumika huambukiza homa ya ini na VVU. Na adai kuona usajili wa mtoa huduma, unaotakiwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Asiyeweza kuuonyesha asipewe mwili wala fedha.