Mkimbiaji Aliyepita Miaka Arobaini

Mtu wa makamo akionekana barabarani alfajiri, amevaa kaptura na jasho linamtiririka, majirani humwuliza anafukuzwa na nani. Swali hilo ni la mzaha, lakini lina uchungu wake, maana mara nyingi yeye mwenyewe amekwisha kujiuliza. Alipokuwa kijana jawabu lilikuwa rahisi: saa ndiyo iliyomjibu. Kila mwaka alipunguza sekunde kadhaa, na kila sekunde iliyopungua ilikuwa ujira wa jasho lake. Sasa sekunde hazipungui tena bali zaongezeka, ingawa bidii ni ile ile, au hata imezidi. Karani ambaye mshahara wake ungepunguzwa kila mwaka kwa kazi ile ile asingekawia kutafuta kazi nyingine. Basi si ajabu kwamba wakimbiaji wengi hodari huacha mashindano kabla ya kufika miaka arobaini, na viatu vyao huishia kuvaliwa shambani.

Mwili una hesabu yake, wala hauombwi ruhusa. Kadiri umri unavyoendelea, moyo hauwezi kupiga kwa kasi ile ya ujanani hata ukilazimishwa, misuli hupungua, na uchovu uliokuwa ukiondoka kwa usingizi wa usiku mmoja hukaa siku mbili au tatu. Hasara hiyo huenda polepole zaidi kwa mtu asiyeacha mazoezi, lakini haikosi kuja. Anayejipima kila siku kwa kijana aliyekuwa yeye zamani ameingia katika mbio ambazo hawezi kuzishinda.

Yafaa kumtazama Bibi Edna Kiplagat, askari polisi wa Kenya, aliyezaliwa Novemba 1979. Mwaka 1996 alipata medali ya fedha ya mita 3,000 katika mashindano ya dunia ya vijana mjini Sydney. Baada ya hapo miaka mingi ilipita bila sifa kubwa, hata mwaka 2010, alipokuwa na miaka 30, akashinda marathoni ya Los Angeles na ile ya New York. Akawa bingwa wa dunia mwaka 2011 huko Daegu, ambako aliangushwa penye meza ya maji, akainuka na kushinda. Akaupata ubingwa huo tena Moscow mwaka 2013. Mbio zake za kasi kuliko zote alizikimbia London mwaka 2012, kwa saa 2, dakika 19 na sekunde 50. Tangu siku ile hajaipita saa hiyo. Kama angalikuwa akikimbia kwa ajili ya saa peke yake, kazi yake ingalikwisha akiwa na miaka 32.

Hakuacha, alikwenda Boston. Marathoni ya mji huo haina wakimbiaji wa kukodiwa wa kuongoza mwendo kama zilivyo marathoni nyingine kubwa. Njia huanza kwa kuteremka, jambo linalowadanganya wenye haraka, kisha vilima vya Newton huwangoja baada ya kilomita 25, miguu imekwisha kuchoka. Mahali pa namna hiyo saa si hakimu mkuu. Anayeshinda ni yule aliyejua wakati wa kungoja na wakati wa kuondoka, na elimu hiyo haipunguzwi na umri. Bibi Kiplagat alishinda huko mwaka 2017, akiwa na miaka 37, na mwaka 2019 akawa wa pili.

Mambo ya Oktoba 2021 yalikuwa magumu zaidi. Alikuwa na miaka 41 alipomaliza wa pili, nyuma ya mwenzake kwa sekunde 24 tu. Mtu wa umri ule angeweza kusema kwamba hiyo ndiyo nafasi ya mwisho na imepita. Lakini Aprili 2022 alirudi katika njia ile ile, akawa wa nne kwa saa 2, dakika 21 na sekunde 40. Katika miaka kumi tangu London alikuwa amepoteza dakika 1 na sekunde 50, tena katika njia yenye vilima. Desemba mwaka huo ndipo ilipotangazwa kwamba yule aliyemtangulia mwaka 2021 alikuwa ametumia dawa iliyokatazwa. Ushindi ukahamishiwa kwa Bibi Kiplagat, akiwa amekwisha kutimiza miaka 43. Utepe wa mwisho ulikuwa umekatwa na mwingine miezi kumi na minne nyuma, na shangwe za njiani hazirudishwi kwa barua.

Kwa mkulima au karani asiyetazamia Boston, njia iko vile vile. Mashindano ya wanariadha wazima duniani hupokea watu kuanzia miaka 35, nao hugawanywa kwa makundi ya miaka mitano mitano, hata mtu wa miaka 60 hukutana na rika lake. Afadhali achague mbio mbili kwa mwaka na kuziandalia kwa bidii kuliko kukimbilia kila shindano la tarafa. Siku za kupumzika aziandike katika kalenda kama anavyoandika siku za kazi. Na akitaka kujua kama angali mkimbiaji, awaulize waliosimama naye mstarini siku ile, si daftari la ujana wake.

Aprili 2024 Bibi Kiplagat alisimama tena Boston, na miaka yake 44. Hellen Obiri alishinda, Sharon Lokedi akafuata, naye akawa wa tatu, sekunde 44 nyuma ya mshindi. Lokedi alikuwa mtoto wa miaka miwili Edna alipovishwa medali yake kule Sydney.