Nani Aliyevumbua Kompyuta?

Mwalimu akiuliza darasani ni nani aliyevumbua kompyuta, mwanafunzi hodari hutaja jina moja, naye hupewa alama. Kwa maoni yangu alama hiyo hutolewa bure, maana swali lenyewe lina kasoro.

Tuitazame ENIAC, iliyoonyeshwa hadharani huko Philadelphia, Marekani, mwezi Februari 1946. Waliyoibuni, John Mauchly na Presper Eckert, walitumia valvu zipatazo 18,000, yaani zile taa za kioo za redio za zamani, ili kupiga hesabu za shabaha za mizinga. Kwa miaka mingi vitabu viliwataja hao kuwa ndio wa kwanza. Kumbe huko Uingereza, tangu mwanzoni mwa 1944, mashine ya Tommy Flowers iitwayo Colossus ilikuwa ikisaidia kufumbua maandishi ya siri ya Wajerumani! Flowers alifungwa mdomo na siri ya serikali. Mashine zake nyingi zilivunjwa baada ya vita, na habari zake zilianza kufichuka katika miaka ya 1970 tu.

Miaka hiyo hiyo Mauchly na Eckert nao walipata pigo. Mwaka 1973 jaji wa Marekani alibatilisha hataza ya ENIAC, akisema kwamba Mauchly alilipata wazo la kompyuta ya elektroniki kwa John Atanasoff wa Iowa, aliyemtembelea mwaka 1941. Wako wanaoichukua hukumu hiyo kuwa ndiyo jibu la mwisho. Mimi siichukui hivyo. Mashine ya Atanasoff na mwanafunzi wake Clifford Berry ilitengenezwa kutatua milinganyo tu, wala haikuweza kupangiwa kazi nyingine.

Tena, hao wote ni wabunifu wa mitambo. ENIAC haikuweza lolote mpaka ipangiwe kazi kwa nyaya na swichi, shughuli iliyoweza kuchukua siku kadhaa. Walioifanya walikuwa wanawake sita, miongoni mwao Kathleen McNulty na Betty Snyder, ambao vitabu vingi havikuwataja kwa miaka mingi.

Ningependa mwalimu aulize hivi: Tarehe 21 Juni 1948, huko Manchester, mashine ndogo iliendesha programu iliyohifadhiwa ndani ya kumbukumbu yake yenyewe ya elektroniki. Eleza ni taabu gani ya wale wanawake sita iliyoondolewa na mbinu hiyo.