Plastiki «inayooza» inaozea wapi?

Sashe zilikatazwa nchini kwa dekreti ya Desemba 2017, na bado tunafungiwa karanga ndani yake kila siku. Sitatumia nafasi ya jarida letu kulalamikia hilo. Kinachonisumbua ni ile inayoletwa kuchukua nafasi yake, ambayo kwa Kifaransa huitwa «biodégradable», nasi watu wa kitivo hiki tunaitafsiri haraka haraka kuwa «plastiki inayooza». Nadhani tafsiri hiyo ni mbaya, na ubaya wake unafika hadi majini.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Kuoza ni neno la zamani sana. Ndugu zake ni kubora ya Kinyarwanda na kubola ya Ciluba. Katika lugha zetu hizi, kinachooza ni ndizi, nyama, mti ulioanguka. Vitu hivyo havichagui mahali. Ndizi itaoza mezani, shambani, hata mtoni. Mama anayeambiwa kwamba sashe hii inaoza, kisha akaitupa ziwani, hajakosea lugha. Amemwamini mfasiri.

Plastiki haiko hivyo. Chukua PLA, inayotengenezwa kwa sukari ya mahindi au ya miwa. Ili vijidudu viimalize, inahitaji kiwanda cha mboji chenye joto la karibu digrii 58. Bahari haina joto hilo. Humo inakaa miaka, ikipasuka polepole kuwa vipande, na vipande kuwa chembe. Mwaka 2019 Imogen Napper na Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio la mifuko iliyoachwa hewani, udongoni na baharini. Mfuko ulioandikwa kwamba unaoza ulikaa miaka mitatu udongoni na majini, na bado uliweza kubebea vitu vya sokoni. Mwingine, wa kufanyiwa mboji, ulitoweka baharini katika miezi mitatu, lakini udongoni ulikuwa bado upo baada ya miezi 27. Mifuko miwili, majina yanayokaribiana, tabia mbili tofauti, na hata huo mmoja haukuwa na tabia moja kila mahali. Sisi tunayo «inayooza» tu kwa yote.

Huyu Thompson ndiye aliyelitia nguvu neno mikroplastiki katika makala yake ya mwaka 2004. Leo kwa kawaida linamaanisha vipande visivyofika milimita 5. Vidogo kabisa kati yake ndivyo vinavyokutana na mwani usioonekana kwa macho, ule unaoelea juu ya bahari na kulisha karibu kila kiumbe kilichomo. Viumbe hivyo vidogo vinavyoelea hufanya karibu nusu ya kazi yote ya usanisinuru duniani, kwa hiyo hapa hatuzungumzi juu ya uchafu wa ufukweni tu. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 2017, mwani uitwao Skeletonema costatum uliwekwa pamoja na chembe za PVC, plastiki ya kawaida ya mabomba. Chembe za mikromita 1 zilipunguza ukuaji wake kwa karibu asilimia 40 katika saa 96. Vipande vya milimita 1, vya plastiki ileile, havikuudhuru. Watafiti walidhani labda ni kivuli, kwamba chembe zinauzibia mwani mwanga, wakakuta sivyo. Chembe zilikuwa zinagandamana na seli zenyewe.

Ukubwa, basi, una uzito mkubwa. Na hapo ndipo plastiki inayosifiwa inaponitia wasiwasi, kwa sababu kupasuka kuwa chembe ndogo ndiko kunakoitwa wema wake. Chembe ya PLA yenye ukubwa wa seli inaweza kugandamana na mwani kama ya PVC, na kuachia majini kemikali zilizochanganywa nayo kiwandani. Matokeo ya maabara hayafanani: pengine mwani unadumaa, pengine hakuna kitu, pengine unakua hata zaidi, kutegemea aina ya mwani, kipimo na umri wa plastiki. Vipimo vya maabara pia mara nyingi vinazidi mbali vile vya baharini. Sisemi kwamba plastiki mpya ni mbaya kuliko ya zamani. Nasema mwani hausomi lebo.

Kuna watakaoniambia niwaachie wanakemia kemia yao. Nawaachia. Lakini lebo ni kazi yetu. Kiambishi «-able» cha Kifaransa kinasema jambo linawezekana. «Inayo-» yetu inasema jambo linatendeka. Tumegeuza uwezekano kuwa habari iliyothibitika, na hakuna aliyegundua kwa sababu sarufi ni sahihi. Wengine wanapendekeza «inayoweza kuoza». Ni afadhali kidogo, ila swali la mahali bado halijaguswa.

Dawa tunayo ndani ya lugha, na tulifundishwa mwaka wa kwanza: kauli ya kutendea. Kuoza, kuozea. Ukisema «plastiki inayoozea», sentensi haijaisha. Msikilizaji anakungojea useme wapi. Basi tuandike: inayoozea kiwandani, inayoozea udongoni, inayoozea baharini. Mwenye bidhaa asiyeweza kujaza mahali hapo, asipewe kitenzi. Aandikiwe «inayopasuka», maana ndivyo inavyofanya. Najua wateja watanung'unika kwamba lebo imekuwa ndefu.

Walimu wawili niliowasomea pendekezo hili waliuliza bahari inatuhusu nini, sisi wa bara, wakati pwani yote ya nchi, kule Muanda, haifiki mbali zaidi ya kilomita 40. Lakini maji ya Kivu yanashuka kwa Ruzizi hadi Tanganyika, yanatoka Kalemie kwa Lukuga, yanaingia Lualaba, na Lualaba ndiyo Kongo. Sashe nyingi hazifiki mbali hivyo. Zinakwama kwanza, na bwawa la umeme la Ruzizi linazijua vizuri. Zile zinazobaki ziwani zitapasukia humohumo, penye mwani wa maji baridi.

Na hapo kuna kazi nyingine inayotusubiri. «Mwani» ni neno la pwani. Mtu wa Zanzibar akilisikia anaona mashamba ya akina mama majini, yenye mimea ya kushika kwa mkono. Mvuvi wa Kalemie tutamwambia nini kuhusu kitu cha kijani kisichoshikika, ambacho samaki wake wanakitegemea? Kabla ya kubuni neno, ningependa mmoja wetu aende kuuliza wavuvi wenyewe wanakiitaje.