Nyumba ya Uzeeni Hainunuliwi na Mtu Mmoja

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam utayakuta maneno haya yameandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: "Nyumba hii haiuzwi." Mgeni huweza kucheka. Mwenyeji hacheki, kwani anajua kuwa nyumba nyingi zimekwisha kuuzwa na watu wasio wenyewe, zikanunuliwa na watu waliokuwa na fedha mkononi na haraka ya kuzitumia. Na katika hao wenye fedha na haraka, hakuna ampitaye mstaafu mpya.

Jirani yangu alikuwa mmoja wao. Alitimiza miaka 60, ambayo kwa mtumishi wa kawaida wa umma ndiyo ya kustaafu kwa lazima, akapokea mafao yake ya mkupuo, na palepale akaazimia kuhamia Bagamoyo. Dalali alikuwa amemwonyesha nyumba ya mawe katika Mji Mkongwe: mlango wa nakshi, ua wenye kisima, na upepo wa bahari mchana kutwa. Fedha zilipungua, lakini dawa yake alikuwa nayo. Angeiuza nyumba wanayokaa Temeke.

Siku ya kwenda kuitazama alinichukua niwe shahidi, na mkewe akafuatana nasi. Kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa kilomita zipatazo 70, na njia nzima mwenzetu alisimulia sifa za mji ule. Hakusema uongo. Hapo ndipo ilipoishia njia ya misafara itokayo Ujiji na Tabora. Pembe za ndovu zilifika pwani kwa mabega ya wapagazi, na watumwa nao wakafikishwa wakiwa minyororoni. Wamisionari walijenga hapo mwaka 1868, na Wajerumani waliufanya makao makuu yao mpaka mwaka 1891. Wengine husema kuwa hata jina lake latokana na wapagazi waliofika, wakatua mizigo na kuibwaga mioyo yao. "Nami naenda kuubwaga wangu," alisema jirani, akicheka.

Nyumba ilikuwa nzuri, sikatai. Lakini nyumba za namna ile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hushikwa na boriti za mikoko. Chokaa hupumua, saruji haipumui. Mwenye nyumba alikuwa amepaka saruji ukutani ili ionekane mpya, na unyevu uliofungiwa ndani ulikuwa umekwisha kuanza kuzila ncha za boriti. Zaidi ya hayo, majengo ya kale yanayolindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hayabomolewi wala kubadilishwa apendavyo mwenyewe, bila kibali. Anayenunua nyumba kama hiyo hununua pia kazi ya kuitunza, na kazi hiyo haistaafu.

Tulipokuwa tukitoka, tulimkuta bibi mmoja ameketi barazani, anasuka ukili. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akauliza kwa upole: "Wanangu, nasikia mmekuja kununua nyumba. Na mimi nimo ndani ya bei?"

Dalali alijitia kukohoa. Kumbe yule bibi alikuwa dada wa marehemu mwenye nyumba, na nyumba ilikuwa ya urithi. Aliyekuwa akiiuza ni mpwa wake mmoja tu, na warithi wengine, walioko Tanga na Unguja, hawakuwa na habari. Barua ya mahakama ya kumfanya msimamizi wa mirathi hakuwa nayo.

Wakati wa kurudi hakuna aliyesimulia historia. Tulipofika Bunju mkewe akasema: "Baba watoto, yule bibi ameulizwa na nani? Na mimi je, nimeulizwa na nani? Ukitangulia wewe, nitabaki Bagamoyo na kisima?" Mumewe alijibu kuwa nyumba ya Temeke imeandikwa jina lake. Mama akanyamaza, na unyamavu ule ulikuwa mzito kuliko maneno.

Hapo ndugu yetu alikosea, na wanaume wengi hukosea pamoja naye. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kuwa nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani na mmoja wa wanandoa bila ridhaa ya mwenziwe. Jina lililo katika hati halimpi mume ruhusa ya kumwondoa mkewe chini ya paa lake. Lakini hata kama sheria isingesema hivyo, je, nyumba ambayo mke amepikia, amezalia na kuugulia miaka 30 ni ya mume peke yake?

Basi, ndugu msomaji unayekaribia kustaafu, kabla ya kutoa hata shilingi, nenda kwa Msajili wa Hati ukaombe upekuzi, ujue nyumba ni ya nani na kama ina rehani. Ikiwa ni ya urithi, dai barua ya msimamizi wa mirathi na uonane na warithi wenyewe. Waulize majirani na serikali ya mtaa. Usitoe fedha kwa dalali barabarani. Na uitazame nyumba kwa magoti ya miaka 75, si kwa macho ya leo: ngazi ni ngapi, maji yanatoka wapi, hospitali iko umbali gani usiku wa manane?

Kisha, panga kwanza. Kaa hapo masika moja kama mpangaji, ndipo ujue kama mji unakupenda au ulikuchekea siku ya jua tu.

Jirani yangu hakuinunua nyumba ile. Amepanga vyumba viwili Bagamoyo, na mkewe huenda naye mwisho wa juma anapopenda, akirudi Temeke kwa wajukuu. Mara ya mwisho walipokwenda walimpelekea yule bibi kanga na sukari. Bado ameketi barazani, anasuka ukili wake.

Mpagazi aliubwaga moyo wake baada ya kuutua mzigo. Usiutue wako juu ya kichwa cha mwenzio.