Maji ya Mlandizi na Mdalasini wa Uluguru

Yuko mama mmoja auzaye chai pale sokoni Maili Moja, Kibaha, ambaye kila asubuhi, kabla birika lake halijachemka, huponda punje chache za iliki katika kinu kidogo cha mbao, akazitia pamoja na maganda yake katika maji aliyoyakinga bombani tangu alfajiri. Wala yeye, wala sisi tukaao juu ya benchi lake tukipuliza vikombe, hatuna mazoea ya kujiuliza kama viungo vile na maji yale havikutoka katika mlima mmoja.

Maji, kwa yakini, yametoka huko. Mto Ruvu hukusanya vijito vya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, milima ipandayo zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, ambako misitu hunasa mawingu yatokayo Bahari ya Hindi, kisha ikayaachilia maji kidogo kidogo hata yakafika uwanda wa Pwani. Mtambo wa Ruvu Juu, uliojengwa Mlandizi mwaka 1959, ndio uinyweshao Kibaha. Na tangu mwaka 2020 maji yake yamesukumwa kutoka Kibamba hadi Kisarawe, mji ambao kwa miaka mingi ulikaa juu ya vilima vya Pugu ukiitazama Dar es Salaam kwa kiu. Oktoba 2022, mvua zilipochelewa na kina cha mto kikashuka, tulipangiwa mgao, na madumu ya njano yakapanda bei. Tukaitazama mbingu, ilhali ni wachache mno miongoni mwetu walioutazama mlima.

Huko Uluguru, mkulima wa Matombo, Kinole au Mkuyuni alimaye mahindi katika mteremko mkali hana budi kufyeka na kutifua ardhi kila msimu, na masika yakija udongo wake hututeremkia sisi. Jirani yake aliyepanda mdalasini hufanya kazi ya namna nyingine kabisa: hukata shina akaacha kisiki, hulibandua gome kwa kisu wakati wa mvua, utomvu ungali ukipanda, kisha huliweka juani hata likajikunja lenyewe kama msala, na kisiki huchipua tena, mizizi isiwe imeondoka ardhini hata siku moja. Pilipili manga nayo hukwea mti ulio hai, na mkarafuu ukishika huweza kumzika aliyeupanda.

Nisije nikadhaniwa ninakisifu kila kiungo. Iliki, kipenzi cha chai yetu, ina kesi ya kujibu: katika milima ya Usambara Mashariki, miaka ya 1970 na 1980, ilipandwa chini ya miti ya msitu kwa kufyeka machipukizi yote, na ardhi ilipochoka baada ya miaka, miti mikubwa iliyobaki ikaangushwa kupisha migomba na mahindi. Iliki na ipandwe, lakini katika kivuli cha shamba la mtu, si katika hifadhi.

Basi, ikiwa mdalasini na mkarafuu ni bora kiasi hicho, kwa nini mteremko mzima usiwe viungo? Jawabu ni tumbo. Mdalasini hutaka miaka mitatu hivi kabla ya kisu cha kwanza, na mkarafuu hutaka sita au zaidi. Na muda huo wote watoto wanataka ugali, wala hapana aulaye karafuu akashiba. Ndiyo maana mkulima, dhiki ikimkaba, humwuzia mlanguzi pilipili manga ingali mbichi mtini, kwa bei atakayo mnunuzi. Isitoshe, Waluguru hurithi ardhi kwa upande wa mama, na mashamba ni ya ukoo, wauitao lukolo. Mtu aliyeazimwa kiwanja si rahisi kuruhusiwa kupanda mti wa kudumu, kwa kuwa mti ni shahidi wa milki. Wazee wa koo lazima waketi katika shauri hili tangu mwanzo.

Amri haitafaa, nayo ilikwisha kujaribiwa. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwalazimisha watu wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani. Udongo mzuri wa juu, ambao ulikuwa haba, ukafukiwa chini ya ule mkavu, mazao yakadhoofika, na Julai 1955 ghadhabu ikafumuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango ukavunjika. Nusu karne baadaye mashirika ya CARE na WWF yalishika njia yenye insafu zaidi huko Kibungo Juu, katika milima hiyohiyo: watumiaji wa maji wa bondeni, miongoni mwao shirika la maji la DAWASCO na kampuni ya Coca-Cola Kwanza, waliwalipa wakulima waliopanda miti na kuyahifadhi mashamba yao. Lakini ule ulikuwa mradi, na miradi ina tabia ya kuisha.

Rai yangu ni kwamba sisi tunywao Ruvu tuigharimie miaka ile ya kungoja. Iongezwe katika bili ya maji ya Kibaha na Kisarawe sehemu ndogo, shilingi zisizofika bei ya kikombe cha chai, iende kwa mkulima aliyeacha kulima mahindi mteremkoni akapanda mdalasini, pilipili manga au mkarafuu: miche, turubai la kuanikia, mizani ya kijiji isiyodanganya, na fedha za unga hata mavuno ya kwanza. Hii si sadaka. Anatutunzia maji, nasi hatujamlipa.

Nilimweleza haya yule mama wa Maili Moja. Alisikiliza huku akiponda iliki, kisha akauliza: "Mzee wangu, hizo shilingi zitafika Matombo kweli, au zitashuka Chalinze kula chipsi?" Nikamjibu kwamba hesabu ibandikwe kila mwezi katika ofisi ya kijiji kule mlimani, na nakala yake hapa sokoni, kiasi kilichotoka na kiasi kilichopokelewa. Akanijazia kikombe, akanionyesha kwa kidole nguzo iliyo karibu na meza yake, akasema pale pana nafasi ya karatasi.